Bunduki za upepo za zamani zilizotupita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili wanaokusanya bunduki za upepo za zamani, au wanaofikiria kuanza, hasa walioko Uingereza, Ujerumani na Marekani, ambako nyingi zilitengenezwa na ambako bado huonekana kwenye minada na kwenye meza za maonyesho. Mada ni moja tu: zile tulizozishika mkononi, tukauliza bei, kisha tukazirudisha mezani.

Wakusanyaji hujutia kuziacha bunduki zipi zaidi?

Si zile unazodhani. Wakae wazee watatu wa mchezo huu kwenye benchi moja, na kabla chai haijapoa mmoja wao atakuwa ameshaitaja BSA Meteor, ya kiwanda cha Birmingham Small Arms cha Uingereza. Meteor ilianza kutengenezwa Birmingham mwaka 1959, bunduki ya bei nafuu ya kukunja mtutu, ya kijana wa kwanza kujifunza shabaha. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuzitunza. Zikalala kwenye mabanda ya bustani, zikapigwa msasa, zikapakwa vanishi, zikakatwa mitutu, zikatiwa springi zisizo zake. Meteor bado zipo tele mpaka leo. Chache ni zile ambazo hazikuguswa: rangi ya chuma ya kiwandani ipo, skurubu hazijatafunwa na bisibisi, kilengeo cha nyuma ni kilekile ilichotoka nacho.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na majibu mengi hapa chini yanaurudia kwa njia tofauti: sokoni, modeli haipotei haraka. Hali yake ndiyo hupotea. Anayesema "nitapata nyingine" mara nyingi husema kweli, ila hiyo nyingine itakuwa imeshapita mikononi mwa fundi wa Jumapili.

Airsporter ya mwaka 1948, nayo ya BSA, iko kwenye kundi hilohilo, pamoja na Diana 27 ya Kijerumani na bastola za Webley za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960. Marekani utasikia zaidi habari za Crosman 600, bastola ya gesi ya kaboni dioksidi iliyotengenezwa kati ya 1960 na 1970. Hubeba peleti (risasi ndogo za bunduki ya upepo) kumi na kuzipiga moja baada ya nyingine kwa kuvuta triga tu, bila kukoki tena. Enzi zake iliuzwa kama kifaa cha kuchezea nyuma ya nyumba, na ndivyo ilivyotumiwa. Nzima yenye sili (vizibo vya gesi) zisizovuja na mpini usiopasuka sasa hugombewa.

Na zile adimu kwelikweli?

Zipo, na mfano bora ni Sheridan Model A. Kampuni ya Sheridan ya Racine, Wisconsin, iliitoa mwaka 1947: bunduki ya kujazwa upepo kwa pampu ya mkono, peleti zake za kipenyo cha inchi 0.20, kitako cha mti wa jozi, ufundi wa hali ya juu kabisa. Ilikuwa ghali. Kwa fedha hizo Mmarekani angeweza kununua bunduki halisi ya baruti ya 0.22, na wengi ndivyo walivyofanya. Kufikia 1953 zilikuwa zimetengenezwa takriban 2,130 tu, na kampuni ikawa inaishi kwa Blue Streak, ndugu yake wa bei nafuu aliyetoka mwaka 1949.

Ndiyo maana napenda kuitaja. Wateja wa kwanza waliiacha dukani ikiwa mpya, na kwa kuiacha ndio walioifanya adimu. Laiti wote wangeinunua, leo isingemuumiza mtu kichwa.

Ya pili ni Webley Service Mark II, iliyotoka mwaka 1932. Mtutu wake hufunguka na kutoka bila kifaa chochote, na Webley waliuza mitutu ya saizi tatu: 0.177, 0.22 na 0.25. Mara nyingi utaikuta ikiwa na mmoja tu. Ukiiona mezani, chungulia chini ya meza na uulize kama kuna mtutu mwingine kwenye boksi la vikorokoro, hasa wa 0.25. Kuna watu walionunua bunduki, wakakataa kuongeza kidogo kwa ajili ya kile walichokiona kama bomba la chuma lisilo na kazi, na wakaenda nalo kichwani miaka yote iliyofuata.

Mbona boksi la karatasi lizue majuto?

Kwa sababu watu wengi walilitupa siku ya kwanza. Bastola ya Webley iliyo ndani ya boksi lake, pamoja na karatasi ya maelekezo na kibati cha peleti, ni kitu tofauti na bastola ileile iliyofungwa kwenye gazeti. Na boksi lazima liwe la modeli hiyo na la kipindi hicho. Wauzaji huyachanganya, wengine kwa kutojua, wengine kwa kujua vizuri sana.

Niliiacha kwa sababu haikuwa ikipiga. Nilifanya vibaya?

Inategemea kilichokuwa kimeharibika, na hapa ndipo wageni wanapopoteza vitu vizuri kuliko mahali pengine popote.

Bunduki nyingi za springi (springi husukuma pistoni, nayo hubana upepo) za kabla ya vita na za miaka ya mwanzo baada ya vita zina washa ya ngozi, yaani kizibo cha kuzuia upepo, kwenye pistoni. Ngozi ikikauka haishiki upepo, na peleti hutoka kwa kujikokota au hukwama ndani ya mtutu. Mara nyingi dawa yake ni matone machache ya mafuta yanayofaa na subira ya usiku mmoja. Ikishindikana, washa mpya ya ngozi hukatwa kwa mkono na fundi yeyote mwenye akili timamu.

Zile za Kijerumani za miaka ya 1960 na 1970 zina ugonjwa mwingine. Feinwerkbau 124, Walther LGV na Diana kadhaa za mashindano zilifungwa sili za plastiki ambazo huoza zenyewe kadiri miaka inavyopita, hata kama bunduki haijawahi kutoka kabatini. Unaikoki, unavuta triga, unasikia kishindo cha chuma kwa chuma, na kwenye mtutu yanatoka makombo ya rangi ya kahawia. Mtu asiyejua husema imekufa. Kumbe ni sili tu, na sili mpya za plastiki bora zaidi zinauzwa. Feinwerkbau 124 nyingi safi zimeachwa mezani kwa sababu ya makombo hayo, na mtu wa pili katika foleni akazichukua kwa bei ya chuma chakavu.

Ila kuna tahadhari moja. Diana 60, 65, 66 na 75, pamoja na bastola za LP6 na LP10, zina mfumo wa Giss: pistoni mbili zinazokimbia pande tofauti kwa wakati mmoja, zikiunganishwa kwa meno, ili bunduki isiruke hata kidogo. Ni uhandisi wa kuvutia mno. Kuifungua ni rahisi. Kuirudisha, meno yakae mahali pake na pistoni zote mbili ziondoke sawia, ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya. Kama humjui fundi wa Giss na muuzaji hataki kupunguza bei, kuiacha halikuwa kosa.

Niliona "Diana" iliyoandikwa imetengenezwa Uingereza, nikadhani ni bandia, nikapita. Ilikuwa nini?

Milbro, bila shaka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashine za kiwanda cha Diana cha Rastatt, Ujerumani, zilichukuliwa kama fidia ya vita na kupelekwa Scotland, kwa kampuni ya Millard Brothers (ndiyo Milbro) ya Motherwell, pamoja na haki ya kutumia jina. Kwa hiyo kwa miaka mingi Waskoti walitengeneza Diana halali kabisa, huku Wajerumani, walioanza upya kiwandani kwao mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakilazimika kuuza zao Uingereza kwa jina la Original. Jina la Diana lilirudi Rastatt mwaka 1984.

Za Kijerumani kwa kawaida zimetengenezwa vizuri zaidi, na bei zinalijua hilo. Lakini Milbro safi ina historia ambayo bunduki ya Kijerumani haina, na bado haijapanda kupita kiasi. Kama nina shilingi ya kuweka dau, ningeiweka hapo.

Majuto gani hayana tiba kabisa?

Yale yaliyofungwa na sheria. Uingereza kulikuwa na bastola za Brocock, na za Saxby Palmer kabla yake, ambazo kila katriji hujazwa upepo wake yenyewe na kupakiwa kama risasi ya kawaida. Nyingi zilikuwa na umbo la bastola maarufu za mzunguko. Wahalifu walikuwa wakizigeuza zipige risasi za baruti, na Januari 2004 zikapigwa marufuku. Waliokuwa nazo walipewa hadi mwisho wa Aprili mwaka huo kuomba cheti cha silaha ya moto au kuzisalimisha. Aliyepata cheti alibaki nayo, lakini hawezi kumuuzia jirani. Mkusanyaji aliyeipita mwaka 2003 akisema bei itashuka alikuwa sahihi kuhusu bei. Soko lenyewe ndilo lililoondoka.

Kwa nyingine sheria ni nyepesi, lakini ijue kabla hujatoa pesa. England na Wales bunduki ya upepo yenye nguvu ya hadi futi-pauni 12 (takriban jouli 16) kwenye mdomo wa mtutu na bastola ya hadi futi-pauni 6 hazihitaji cheti, mradi mnunuzi ana miaka 18. Mfanyabiashara lazima amkabidhi mnunuzi ana kwa ana, hawezi kuituma kwa posta hadi mlangoni. Scotland, tangu 31 Desemba 2016, unahitaji cheti hata kwa hizi. Ujerumani kikomo cha kumiliki bila kibali ni jouli 7.5, na bunduki lazima iwe na alama ya herufi F ndani ya pembetano. Zilizoingia sokoni kabla ya 1 Januari 1970 zimesamehewa alama hiyo. Mgeni huona Diana ya 1958 isiyo na F, akaogopa, akaondoka. Kumbe ilikuwa halali.

Kiwanda kikifungwa, niharakishe kununua?

Webley & Scott walianguka mwishoni mwa 2005, na utengenezaji ukahamia Uturuki. Bastola ya kwanza ya upepo ya Webley ilitoka mwaka 1924, kwa hiyo ukoo wa miaka 80 wa Birmingham ulikatika ghafla. Bastola zao za Tempest na Hurricane, ambazo wiki iliyotangulia zilikuwa bidhaa ya kawaida dukani, zikaanza kuulizwa kama zina neno "Birmingham" ubavuni. Majuto yalikuwepo, ila kwa maoni yangu yametiwa chumvi. Tempest za Birmingham ni nyingi na hazina haja ya kukimbiliwa. Subiri yenye boksi.

Bastola ya James Bond ni ya upepo, kweli?

Kweli. Sean Connery alipopigwa picha za matangazo miaka ya 1960, bastola ya filamu haikuwepo studio, na mpiga picha David Hurn akampa ya kwake, Walther LP53, bastola ya upepo ya kulengea shabaha yenye mtutu mrefu. Hiyohiyo moja iliuzwa na Christie's, London, Novemba 2010 kwa pauni 277,250. LP53 nyingine hazina uhusiano na bei hiyo, ingawa kila mwenye nayo atakutajia Connery kabla hujauliza. Ni bastola nzuri. Usilipie sinema.

Nilitajiwa bei ndogo sana miaka hiyo. Kwa nini sikununua?

Kwa sababu haikuwa ndogo. Kumbukumbu hubeba tarakimu na kuacha mshahara nyuma. Pauni 40 za mwaka 1978 kwa kijana aliyekuwa akilipa kodi ya chumba na kutuma pesa nyumbani zilikuwa pesa za kufikiria mara mbili. Ukitaka kujua kama ulikosea, usilinganishe bei ya zamani na bei ya leo. Jiulize ulizitumia kwa nini. Waliojibu "karo ya mdogo wangu" huwa nawaambia wafunge daftari.

Kuna pia wanaosahau kwamba bunduki waliyoiacha ilikuwa na kasoro. Miaka ishirini baadaye kutu imefutika, ufa wa kitako umeziba, na kilengeo kilichokosekana kimerudi mahali pake, vyote ndani ya kichwa cha msimuliaji.

Basi ni wakati gani kuiacha ni sahihi?

Iache kama imepigwa msasa hadi maandishi ya kiwanda yamefifia. Iache kama imetiwa rangi mpya juu ya mashimo ya kutu, maana kutu iliyozikwa huwezi kuiondoa bila kuiondoa na historia. Iache kama mtutu umepinda kwenda juu, dalili kwamba mtu alivuta triga ukiwa umekunjwa, isipokuwa bei imepinda kwenda chini vilevile. Kwa Airsporter na nyingine zenye bomba la kupakilia (kifaa kinachozungushwa ili kuingiza peleti), kagua kama bomba hilo linavuja. Kulirudisha sawa si kazi ya mtu wa kubahatisha.

Kutu nyepesi ya juu, washa iliyokauka, springi iliyochoka, kitako chenye mikwaruzo ya kawaida: hizo si sababu. Ni umri tu.

Angalia pia namba zilizogongwa. Kwenye bunduki nyingi za Kiingereza za mwanzo wa karne ya 20, zikiwemo zile za wenzo chini ya mtutu ambazo BSA ilianza kumtengenezea mfundi bunduki Lincoln Jeffries mwaka 1905 kwa hataza yake ya 1904, namba husaidia kujua kipindi chake na kama vipande vimeokotwa huku na kule.

Nifanyeje pale mezani? Nikinunua haraka naonywa, nikisubiri najuta.

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na haraka haraka haina baraka. Waswahili tumejiwekea methali za pande zote mbili, kwa hiyo hazitatusaidia.

Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kwenda, jiwekee modeli tatu tu unazozitaka na uzisome hadi uzijue skurubu kwa skurubu. Ukikuta mojawapo katika hali yake ya asili, usizunguke ukumbi mzima ukitafakari. Mwombe muuzaji aiweke kando na umwachie arubuni. Wengi hukubali, na wasiokubali watakuambia kwa sababu gani, jambo ambalo lenyewe ni habari. Ukikuta kitu nje ya orodha yako, hata kikiwa rahisi vipi, kipite kwa amani. Kabati la mkusanyaji aliyeshindwa kupita lina bunduki arobaini na hakuna hata moja anayoipenda.

Muuzaji ni bibi mjane asiyejua thamani yake. Nikae kimya?

Hapana. "Bi mkubwa, hii ina thamani kuliko unavyoitaja" ni sentensi fupi. Mpe bei ya haki inayokuachia nafasi ya gharama za ukarabati, na kama huna fedha hizo mwelekeze mnadani. Kuna majuto ya kununua pia, na hayo huwezi kuyasimulia kwenye benchi.

Kuna aliyekuwa na hazina bila kujua?

Robert Beeman, mfanyabiashara na mtafiti wa Kimarekani wa bunduki za upepo, alikuwa na bunduki ya aina ya Girardoni, ile iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1780: huhifadhi upepo kwenye kitako na kupiga risasi takriban ishirini mfululizo. Mafundi walipoifungua ili waitengenezee nakala, waliona matengenezo ya kale ndani yake yanayolingana na yale yaliyoandikwa katika shajara za msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi wa Kimarekani waliovuka bara kuelekea magharibi, wa 1803 hadi 1806. Watafiti wengi sasa wanaamini ndiyo yenyewe, na iko Pennsylvania mikononi mwa jeshi la Marekani. Kila aliyewahi kuiona kabla ya siku hiyo aliona Girardoni ya kawaida.

Niko Nairobi au Dar es Salaam. Naweza kuagiza?

Usiichukulie kama mwanasesere na usiitie kwenye begi la safari kwa kudhani kwamba haina baruti. Nenda kwanza kitengo cha polisi kinachoshughulikia leseni za silaha, uliza kwa modeli na kipimo, na upate jibu la maandishi. Vivyo hivyo kama umeikuta kwenye stoo ya marehemu babu: iache ilipo, uliza, kisha ndipo uiguse. Kukusanya vibati vya peleti, matangazo na vitabu vya maelekezo vya viwandani hakuhitaji ruhusa ya mtu, na baadhi ni vizuri kuliko bunduki zenyewe.

Iliyonipita naweza kuipata tena?

Mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu wakusanyaji ni wachache na wanajuana. Piga picha ya namba kabla hujaondoka mezani, hata kama hununui. Ukimwona aliyeichukua, mpongeze, mpe namba yako ya simu, na mwambie siku akichoka nayo akupigie wewe kwanza. Mkumbushe kila mwaka kwa salamu, usimsumbue. Makusanyo hutawanyika wazee wanapohamia nyumba ndogo au wanapofariki, na familia huanza kwa kupigia majina yaliyopo kwenye daftari la marehemu.